Mlo usio na nyama, maziwa wala samli: tunaagizaje mikahawani?

MkaziWaJinja aliuliza:

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Naomba ushauri wa watu waliowahi kuagiza, kupika au kuandaa karamu ya chakula kisicho na kitu chochote kitokanacho na mnyama katika mikahawa ya hapa kwetu Uganda. Sina maana ya kuacha nyama peke yake. Sili samaki wala dagaa, sili mayai, maziwa, siagi, samli wala asali. Suala la afya naomba tuliweke kando, kwa kuwa daktari wangu analijua na vidonge vya vitamini B12 ninameza kama nilivyoelekezwa.

Kilichonifanya niandike ni mlo nilioandaliwa hivi karibuni katika mkahawa mdogo hapa Jinja, wa aina ile yenye meza chache na jiko la makaa nyuma ya nyumba. Nilipita pale siku moja kabla, nikamtajia mama mwenye mkahawa vitu nisivyokula, naye, baada ya kunisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akaniuliza swali moja tu: "Karanga unakula?" Nilipomjibu kwamba ninakula, akanitaka nirudi kesho yake saa saba mchana.

Nilikuta luwombo ya uyoga kwa karanga. Kifurushi cha jani la mgomba kililetwa mezani kikiwa bado kimefungwa kwa kamba ya mgomba, kimewekwa katika bakuli ili mchuzi usimwagike, na mhudumu alipokifungua, harufu ya jani lililobabuliwa motoni ilitangulia, kisha ndipo ikafuata ya karanga. Mchuzi ulikuwa mzito, wa rangi ya waridi iliyofifia, umeanza kutoa mafuta yake juu, na uyoga ulikuwa umekolea mpaka ndani bila kulegea. Pembeni palikuwa na matoke yaliyopondwa ndani ya majani yake, kalo, yaani ugali wa wimbi, kipande cha boga, mboga za majani ziitwazo nakati zilizoivishwa kwa mvuke wa matoke yale yale, na ntula, yaani nyanya chungu, ambazo uchungu wake ulikuwa ukikata vizuri sana uzito wa karanga. Tangu nilipoacha nyama, sikumbuki kula vizuri namna hiyo nje ya nyumbani.

Nalinganisha na hoteli moja kubwa ya Kampala yenye orodha ya vyakula ya kurasa nyingi, ambako baada ya maelezo marefu kwa wahudumu niliishia kuletewa chipsi na kachumbari, tena kwa bei ya kuku mzima.

Sasa mdogo wangu anahitimu Makerere, na mimi ndiye ninayegharamia chakula cha mchana baada ya mahafali. Tutakuwa watu kama kumi na watano, wakiwemo wazazi wetu, shangazi, na wajomba zetu, ndugu za mama, ambao ni Waganda kutoka Masaka. Ningependa meza nzima ile chakula cha namna ile niliyoila Jinja. Je, katika mkahawa wa Kampala usionifahamu niagize vipi ili nisiletewe tena chipsi? Ni vitu gani hujificha ndani ya vyakula vyetu ambavyo mhudumu hawezi kuvitaja mpaka aulizwe? Na je, wazee wataona wamedharauliwa wakiona hakuna nyama mezani?

MpishiWaKampala alijibu:

Dada yangu wa Jinja, huyo mama aliyekuuliza kuhusu karanga anaijua kazi yake. Kwa upishi wetu, nyama ikitoka kwenye sufuria, karanga ndizo zinazobaki kuubeba mchuzi, na mtu asiyekula karanga humlazimu mpishi kuanza upya kabisa. Mimi nimefanya kazi katika majiko ya mikahawa ya hapa mjini kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajibu maswali yako mawili ya mwanzo na kuwaachia wengine lile la wazee.

Mkahawa wa kawaida wa Kampala umejipanga katika sehemu mbili. Mteja huchagua mchuzi, na mchuzi huo huletwa pamoja na vyakula vya kushiba: matoke, wali, posho (ugali wa mahindi), viazi vitamu, muhogo, boga, pengine na kalo. Sehemu hii ya pili haina matatizo makubwa kwako. Tahadhari ni kwa viazi mbatata vilivyopondwa, ambavyo mara nyingi hutiwa siagi na maziwa, na kwa pilau, ambayo hata ikiondolewa vipande vya nyama inabaki imepikwa kwa supu yake. Mengine yote ni maji, chumvi na mvuke.

Shida yote iko kwenye mchuzi na mboga. Mchuzi wa karanga, ambao kila mtu atakuapia kwamba hauna nyama, mara nyingi huwekwa samaki wa moshi, au hutiwa mukene, yaani dagaa, waliosagwa ili uongezeke utamu. Maharage yakipikwa na mtu wa magharibi mwa Uganda yanaweza kumaliziwa kwa samli, na firinda, yale maharage yaliyomenywa maganda na kupondwa, kwa wengi hayahesabiwi kuwa yameiva mpaka yatiwe samli hiyo. Dodo (mchicha) nazo hupata kijiko cha samli mara kwa mara. Kabichi hukaangwa kwa mafuta yaliyokwisha kukaanga samaki asubuhi. Juu ya hayo yote kuna ule unga wa viungo wenye ladha ya nyama, ambao katika majiko mengi hunyunyizwa kwenye kila sufuria inayochemka, na ambao hakuna mhudumu atakayekutajia kwa sababu yeye anauona kama chumvi.

Ndiyo maana haifai kumwuliza mhudumu kama chakula kina nyama. Atakujibu kwamba hakina, na atakuwa anasema kweli kwa kadiri anavyohesabu yeye, maana mukene waliosagwa hawaonekani na samli si nyama. Omba kuzungumza na mpishi mwenyewe na umtajie vitu kimoja kimoja kwa majina yake: samli, siagi, maziwa, mayai, mukene, samaki wa moshi, supu ya mifupa, unga wa viungo wa ladha ya nyama. Mpishi haelewi falsafa wakati wa kazi, lakini orodha anaielewa na anaweza kuibandika ukutani. Usisahau kutaja upawa na mafuta ya kukaangia, kwa sababu jiko linaweza kukupikia mchuzi safi kabisa kisha likaupakua kwa upawa uliotoka kwenye sufuria ya mbuzi.

Kuhusu kuagiza mapema, siku moja ndiyo kiwango cha chini, na kwa watu kumi na watano mimi ningetaka siku tatu. Luwombo haipikwi kwa kushtukizwa. Majani lazima yawe machanga, mapana, yasiyopasuliwa na upepo. Hupunguzwa uti wa katikati, kisha hupitishwa juu ya makaa mpaka yalegee na kung'aa, la sivyo yatapasuka wakati wa kukunja na mchuzi wote utaishia chini ya sufuria. Baada ya hapo vifurushi hukaa kwenye mvuke kwa saa kadhaa. Uyoga mbichi huja asubuhi kutoka kwa wakulima, na ule mkavu unatakiwa kulowekwa usiku kucha. Yale maji ya kulowekea, yakichujwa vizuri kuondoa mchanga, ndiyo mpishi mwenye akili huyatumia mahali ambapo angetia supu ya mifupa.

Karanga nazo zinataka muda. Unga wa karanga wa sokoni husagwa kwa mashine ambayo huenda dakika chache kabla ilikuwa inasaga mukene, tena hujui karanga zenyewe zilikuwa na hali gani, na karanga zilizohifadhiwa kwenye unyevu huota kuvu na kupata sumukuvu. Mpishi aliyepewa muda hununua karanga nzima, akazichambua kwa mkono, akatoa zilizokunjamana na zenye weusi, kisha akazitwanga au kuzisaga mwenyewe. Mchuzi wake huchemka polepole, unakorogwa mara kwa mara, mpaka mafuta yajitenge juu. Ukiona mchuzi wa karanga umeletwa ukiwa mweupe na una harufu mbichi, jua umeharakishwa.

La mwisho ni arubuni. Lipa nusu ya gharama unapoagiza. Wenye mikahawa wamechoshwa na watu wanaoagiza vitu visivyo vya kawaida kisha hawatokei, na luwombo ya uyoga isiyo na mteja si rahisi kuiuza jioni.

MzaliwaWaMbale alijibu:

Naunga mkono yote aliyosema Mpishi, ila nashangaa tumefika hapa bila mtu kutaja malewa.

Kwetu Bugisu, machipukizi ya mianzi kutoka misitu ya Mlima Elgon hukatwa yakiwa machanga, yakachemshwa, yakakaushwa juu ya moshi wa moto wa kuni, na kwa hali hiyo hukaa muda mrefu bila kuharibika. Ukitaka kuyapika unayaloweka, unayaosha kwa maji mengi, unayachemsha mpaka yalainike, unayachambua kwa mkono katika nyuzi au vipande vidogo, kisha unayatia katika mchuzi mzito wa karanga. Wazee huongeza chumvi ya magadi inayochujwa kutoka kwenye majivu. Hakuna samli wala maziwa yanayohitajika katika safari yote hiyo, na ule moshi uliomo ndani ya mianzi humpa mlaji ladha ile ile ambayo wengine huitafuta kwa samaki wa moshi.

Nimewahi kuwalisha malewa wageni walionijia na wasiwasi kwamba watalala njaa kwa kukosa nyama. Waliomba sahani ya pili, tena yule aliyekuwa akilalamika kwa sauti kubwa zaidi ndiye aliyekwangua sufuria.

Kuna jambo la kuzingatia, nalo ni kwamba mkahawa wa Kampala usio na mpishi kutoka mashariki utakuharibia malewa, kwa sababu asiyeyajua huyachemsha kidogo na yanabaki magumu yenye uchungu. Ukiweza, nunua mwenyewe katika soko la Mbale, ama mwombe mtu anayesafiri akuletee, kisha umkabidhi mpishi anayeyajua. Matoke yanayaendea vizuri sana. Kwa wali sikushauri.

MwanaWaGulu alijibu:

Na sisi wa kaskazini tusisahauliwe, maana kwa maoni yangu jiko la Acholi na Lango ndilo rahisi kuliko yote nchini kwa mtu kama wewe.

Malakwang ni majani yenye uchachu wa asili, jamaa ya rosela, yanayochemshwa na kuchanganywa na odii, yaani karanga na ufuta vilivyokaangwa na kusagwa pamoja mpaka vikawa rojo laini lenye mafuta. Uchachu wa majani na uzito wa odii vinapokutana, hutamani kitu kingine isipokuwa kiazi kitamu cha kuchovya. Kuna boo, majani ya kunde, ambayo hulainishwa kwa chumvi ya majivu na kutiwa odii vile vile. Kuna dek ngor, mchuzi wa kunde zilizopasuliwa na kuondolewa maganda, na kuna lapena, ambazo ni mbaazi. Hivi viwili vya mwisho humaliziwa kwa moo yaa, mafuta yanayokamuliwa kutoka mbegu za mti wa yaa unaoota wenyewe katika maeneo yetu. Ni mafuta ya mti, lakini yana harufu nzito, na mtu asiyeyafahamu anaweza kudhani ameletewa samli akaacha kula bila sababu.

Uliza hata hivyo. Wapo wanaotia maziwa katika boo, hasa kwenye nyumba zenye ng'ombe, na mpishi mwenye mkono wa ukarimu anaweza kufikiri anakufanyia hisani. Mikahawa ya vyakula vya kaskazini ipo Kampala, na katika mingi niliyokula, odii ilikuwa imesagwa humo humo jikoni. Kwa karamu yako ningeweka malakwang kama sahani ya pembeni karibu na luwombo, kwa sababu watu kumi na watano wakila karanga zisizo na kitu cha uchachu watachoka kabla hawajashiba.

MzeeWaRubaga alijibu:

Binti yangu, nimesoma maelezo ya vijana hawa na nimejifunza, lakini swali lako la tatu wote wamelikwepa, na ndilo linaloweza kukuharibia shughuli.

Kwanza kuna jambo ambalo hakuna aliyelitaja. Umesema wajomba zako ni Waganda. Kabla hujaagiza luwombo za uyoga kwa meza nzima, uliza ni nani kati ya wageni wako aliye wa ukoo wa Butiko. Watu wa ukoo huo hawali uyoga, kwa kuwa ndio muziro wao, yaani alama ya ukoo ambayo ni mwiko kuila. Ukoo wa mama yako bila shaka unaujua, lakini je, unaijua miziro ya wake za wajomba zako? Vivyo hivyo wa ukoo wa Mpindi hawali kunde, basi hiyo dek ngor na hizo boo za ndugu yetu wa Gulu haziwahusu, na wa Kkobe wana kiazi chao cha kutambaa ambacho hawakigusi. Watu hufikiri miziro ni ya wanyama na samaki tu, kumbe ukiondoa nyama mezani ndipo hii ya mimea inapojitokeza.

Pili, kuhusu heshima. Kwa mila zetu mgeni mkubwa huchinjiwa kuku, na mzee aliyetoka Masaka alfajiri kuja kwenye mahafali ya mpwa wake atamtazamia kuku huyo hata kama hatasema. Sikulazimishi umnunulie. Pesa ni zako na dhamiri ni yako. Ninachosema ni kwamba asikutane na jambo hilo kwa mara ya kwanza akiwa amekwisha kunawa mikono. Mtume shangazi yako, ambaye kwa nafasi yake anaweza kuyasema, awaeleze siku kadhaa kabla kwamba binti yao amebadilisha ulaji wake na kwamba siku hiyo anawakaribisha katika chakula chake. Mzee akiambiwa mapema amepewa heshima, na tumbo lake atalipanga mwenyewe.

Zamani wanawake wa Buganda hawakula kuku wala mayai. Mama zetu walifunga luwombo za kuku kwa mikono yao, wakapeleka mezani, na wao wakala karanga na mboga jikoni. Kwa hiyo wale akina mama wazee watakaokuwepo huenda wanakijua chakula chako kuliko unavyodhani. Watakaonung'unika ni wanaume.

MsafiriWaKabalagala alijibu:

Kama utaratibu wa kuagiza siku tatu kabla unakutisha, kuna njia fupi. Nenda kwenye mikahawa ya Kihabeshi ya Kabalagala na Kansanga, uombe chakula cha mfungo. Wakristo wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hufunga kila Jumatano na Ijumaa, pamoja na siku 55 kabla ya Pasaka yao, na katika mfungo hawali nyama, mayai, maziwa wala siagi. Jikoni mwao mlo wa namna hiyo ni jambo la kila wiki ambalo halihitaji maelezo. Utaletewa injera pana, mkate wao mwembamba, na juu yake shiro ya unga wa dengu, adesi nyekundu zenye pilipili, mboga za majani, kabichi na karoti, kila kimoja katika fungu lake, na watu wanne wanaweza kula kutoka sinia moja. Sisitiza tu neno mfungo, kwa sababu siku za kawaida adesi zile zile zinaweza kupikwa kwa siagi yenye viungo.

Kwenye mikahawa ya Kihindi uwe mwangalifu zaidi, hata ile isiyopika nyama kabisa. Wao maziwa wanayakubali, kwa hiyo dengu humaliziwa kwa samli, mikate hupakwa samli, na mtindi huingia mahali usipoutarajia. Omba wakupikie kwa mafuta ya mimea. Wengi hukubali bila kinyongo, ila lazima useme kabla hawajaanza.

Na kwa siku za kawaida zisizo na mahafali, kikomando cha barabarani, chapati iliyokatwakatwa ikachanganywa na maharage, kinatosha, mradi umwulize mkaangaji kama unga wake umekandwa kwa maziwa au yai.

Nina pendekezo jingine ambalo najua Mzee hatalipenda. Mimi nikiwa na haraka humwambia mhudumu kwamba vitu hivyo ni muziro wangu, na hapo maswali yote hukoma.

MzeeWaRubaga alijibu:

Kweli silipendi. Mhudumu akikuuliza ukoo wako utamjibu nini, wewe ambaye muziro wako una samli, mayai, asali na kila samaki wa ziwani? Sema huli. Inatosha.

MkaziWaJinja alijibu:

Nawashukuru sana, hasa Mzee wangu kwa hilo la ukoo wa Butiko, ambalo nimelifuatilia mara moja. Nimempigia mama simu, na imedhihirika kwamba mke wa mjomba mkubwa ni wa ukoo huo huo, kwa hiyo yeye atafungiwa luwombo ya karanga na malewa badala ya uyoga. Shangazi amekubali kuwaeleza wazee. Amecheka sana kwanza, kisha akasema kwamba mjomba mdogo atakula alfajiri kabla ya kutoka Masaka, tujiandae kumwona akishiba mapema.

Kuku sitaagiza. Nimelifikiria, na nimeona kwamba mtu atakayemtaka anaweza kumla jioni popote, lakini mchana huo ni wangu na wa mdogo wangu. Chakula cha Kihabeshi nitakijaribu siku nyingine. Wazee wangu hawatakubali kula kitu kisicho na matoke.

Limebaki jambo moja. Mahafali bila keki hayafanyiki hapa kwetu, na kila mwokaji niliyemwuliza ananiambia haiwezekani bila mayai. Pia ningependa kujua nizungumze na mpishi saa ngapi, kwa maana nikipiga simu mchana hakuna anayenisikiliza.

MpishiWaKampala alijibu:

Dada, vizuri ulivyofanya kumfungia yule mama kifurushi chake. Inasimuliwa kwamba luwombo ilibuniwa mwaka 1887 na Kawuuta, mpishi wa Kabaka (mfalme wa Buganda) Mwanga, na tangu enzi hizo uzuri wake umekuwa ni kwamba kila mlaji ana kifurushi chake. Mwambie mpishi akitie alama, kwa mfano kwa kukifunga kamba mara mbili, na akiweke kwenye sufuria ya mvuke peke yake, kwa sababu mchuzi wa vifurushi vya uyoga unaweza kudondoka juu yake.

Simu piga kati ya saa tatu na saa nne asubuhi. Kabla ya hapo mpishi yuko sokoni au anamenya matoke, na kuanzia saa sita mpaka saa tisa alasiri hata mwenye mkahawa hampati. Bora zaidi uende mwenyewe na ile orodha yako ikiwa imeandikwa kwa Kiswahili au Kiganda, umwache nayo.

Keki inawezekana. Mwokaji achanganye unga wa ngano, sukari, magadi ya kuokea, chumvi kidogo, mafuta ya kupikia na maji au tui la nazi, na mwishoni atie siki kijiko kimoja au viwili, kisha aipeleke kwenye tanuri papo hapo bila kuiacha mezani, kwa kuwa siki ikikutana na magadi ndiyo inayoiumua na nguvu hiyo haisubiri. Ya kakao hutoka vizuri kuliko nyeupe. Matatizo yako kwenye mapambo: krimu nyingi ni siagi, ile inayokauka ikawa ngumu hutengenezwa kwa ute wa yai, na ile inayosukumwa kama chapati na kufunikwa juu ya keki aghalabu huwa na jelatini, ambayo ni ya mifupa na ngozi. Mwambie atumie sukari ya unga iliyokorogwa kwa maji ya limau, apambe kwa matunda, na chombo cha kuokea akipake mafuta ya alizeti badala ya siagi, maana hilo ndilo wanalolisahau wote.